Nywila ni sahihi, soketi haiungani

Programu ya soketi janja kwenye simu inaandika "hakikisha nywila ni sahihi", na mwenye nyumba anaiandika upya herufi kwa herufi, mara ya tatu, mara ya nne. Nywila haina kosa lolote. Ujumbe wa namna hiyo unapotosha, na ndio unaofanya soketi nzima zirudishwe dukani kama mbovu.

Nichukue mfano wa karibu. Dada yangu anauza samaki wa kugandishwa nyumbani kwake Tabata, na alitaka soketi janja kwenye friza ili ajue inakula uniti ngapi za LUKU kwa siku. Ruta yake ina bendi mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5, zote chini ya jina moja. Soketi ina redio moja tu, ya 2.4.

Redio hiyo moja ina sababu zake. Mwaka 2014 kampuni ya Espressif ya Shanghai ilitoa chipu ya ESP8266, yenye Wi-Fi ya 2.4 pekee, kwa bei ya chini mno kiasi kwamba hata taa na soketi za kawaida zikaanza kuingizwa mtandaoni. ESP32, iliyofuata mwaka 2016, ilibaki kwenye bendi hiyohiyo. Soketi hutuma taarifa ndogo tu: imewashwa, imezimwa, umeme umetumika kiasi gani. Mawimbi ya 2.4 yana urefu wa kama sentimita 12 na hupenya ukuta wa tofali za saruji vizuri kuliko ya 5, ambayo hayafiki sentimita 6. Kwa friza iliyoko stoo, kuta mbili kutoka kwenye ruta ya sebuleni, hiyo ndiyo bendi inayofaa.

Kinachokwama ni makabidhiano ya nywila. Soketi mpya haina skrini wala kibodi, na haimo kwenye mtandao wowote. Taa yake inapopepesa harakaharaka, mara nyingi inasikiliza kila pakiti inayopita hewani. Simu nayo inarusha pakiti nyingi mfululizo. Yaliyomo yamefichwa kwa ufunguo wa mtandao, ambao soketi haina, lakini urefu wa kila pakiti unaonekana. Basi programu huficha jina la mtandao na nywila katika urefu huo, na soketi hupima pakiti moja baada ya nyingine mpaka maneno yakamilike. Ni ubunifu wa hali ya juu, na unastahili kusifiwa.

Sasa iweke simu kwenye bendi ya 5. Ruta za jina moja hufanya hivyo kwa makusudi: zinachelewa kuijibu simu kwenye 2.4 ili iingie kwenye bendi yenye kasi. Simu inarusha pakiti upande mmoja, soketi inasikiliza upande mwingine. Ruta nyingine huzivusha pakiti hizo hadi 2.4, nyingine huzichuja, na ndiyo maana soketi ileile inakubali kwa jirani na kukataa kwako. Hata zikivuka, programu inaweza kuwa imetuma pia anwani ya redio ya 5, ambayo soketi haitaipata kamwe.

Taa inapopepesa polepole, kwa vifaa vingi, njia ni nyingine: soketi inafungua mtandao wake mdogo, simu inaingia humo na kukabidhi nywila moja kwa moja. Njia hii ni ya uhakika zaidi. Ila zima data ya bando kwanza, maana simu ikiona mtandao huo hauna intaneti hurudi kwenye bando katikati ya kazi.

Mafundi wengi huzima bendi ya 5, wakaunganisha, kisha wakaiwasha tena. Inafanya kazi, lakini kila kifaa kipya kitadai zoezi hilohilo. Mimi napendelea kutenganisha majina. Fungua mipangilio ya ruta kwa anwani iliyoandikwa kwenye kibandiko chake, zima uteuzi wa bendi wa kiotomatiki, na jina la zamani liache kwenye 2.4. Jina jipya lipe bendi ya 5, kwa ajili ya simu na televisheni. Ukifanya kinyume, taa na kamera zilizokwisha kuungwa zitapotea zote, na utazianza upya moja moja. Soketi ikishaingia, rudisha simu kwenye 5 bila wasiwasi: bendi zote mbili ni mtandao mmoja nyuma ya ruta, na amri zitavuka.

Ukiwa humo humo kwenye mipangilio, weka ulinzi wa WPA2 kwa 2.4, kwa kuwa vifaa vingi vya zamani havijui WPA3. Kisha chagua chaneli mwenyewe: 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani, kwa upana wa megahezi 20. Kwetu hili lina uzito wa pekee. Umeme ukikatika na kurudi, ruta iliyoachiwa ijichagulie inaweza kuamkia chaneli 12 au 13, na kifaa kilichotengenezwa kwa soko la Marekani huenda kisizione kabisa. Mtu atadhani umeme umeunguza soketi.

Na siku ukibadilisha kampuni ya intaneti, ruta mpya ikija na jina lake la kiwandani, usilipokee. Ipe bendi yake ya 2.4 jina lile la zamani, nywila ileile na aina ileile ya ulinzi, herufi kubwa na ndogo zikifanana. Soketi, taa na kamera zitarudi zenyewe, bila kugundua kwamba ruta imebadilishwa.