Katapila Linapokata Pumzi

Katapila dogo la rimoti, urefu wake kama mkono wa mtu, lililetwa mezani kwangu Umoja likiwa na ugonjwa mmoja: ndoo tupu linainua, ndoo ikijaa kokoto pampu ya oili inanyamaza. Ukiachia kijiti cha rimoti, inaamka tena. Mwenyewe, kijana wa Buruburu, alikuwa ameshaifungua pampu na kumwaga oili. Simlaumu. Huku Eastlands haidroliki tumeijulia kwenye malori ya mchanga, na lori likishindwa kuinua tunaangalia oili kwanza.

Mimi nilitafuta kwanza kilichobaki hai. Pampu ikiwa kimya, vimota vidogo vinavyosukuma valvu viliendelea kutii rimoti. Basi redio ni nzima na risiva inapata umeme. Iliyokatwa ni mota ya pampu peke yake, na cha kuikata ni kidhibiti chake cha mwendo. Kidhibiti hicho kina kinga: betri ya lithiamu ya seli tatu ikishuka chini ya volti 9, yaani 3 kwa kila seli, kinaizima mota ili betri isiharibike.

Lakini betri ilisoma 12.3! Hapa ndipo wengi hupotea, kwani wanapima mtambo umelala. Nikamwambia, "Jaza ndoo, inua, usiachie." Kabla kinga haijakata, kwenye betri mita ikasoma 11.6, na mlangoni mwa kidhibiti 8.8. Volti 2.8 zilikuwa zimepotelea njiani. Nikagusisha ncha moja ya mita kabla ya plagi ya betri na ya pili baada yake, ndoo ikiinuliwa tena na mzigo: 2.8, zote pale pale.

Mkondo ulikuwa ampea 20, kwa hiyo kiungo kile kilikuwa na ukinzani wa omu 0.14. Ndoo ikiwa tupu mota inakula ampea 6 tu, upotevu haufiki hata volti moja, na kidhibiti hakishtuki. Chini ya mzigo, plagi ilikuwa inachoma wati 56, karibu sawa na chuma cha kulehemu chenyewe.

Nilipochana mpira wa plagi, lehemu ilikuwa imekaa juu ya waya kama nta iliyodondoka, kijivu, haijashika. Waya mnene hunyonya joto. Chuma dhaifu huyeyusha lehemu, lakini waya hubaki baridi. Tulikata, tukamenya upya, tukapasha waya na plagi pamoja mpaka lehemu ikazama yenyewe ndani ya waya. Kipimo kile kile, ndoo imejaa: 0.03.

Inayovuja sasa ni pampu iliyofunguliwa bure. Sili yake ya zamani haikukubali kufungwa mara ya pili.