Ajono Haina Haraka

Mwaka 1953 Wafaransa wa Alsace walizindua Njia yao ya Mvinyo, kilomita 170 hivi kutoka Marlenheim hadi Thann. Anayeifuata anajua mapema kwamba hatafika upesi, maana kila kijiji kina pipa, kila pipa lina mwenyewe, na mwenyewe ana maneno mengi. Huku mpakani mwa Kenya na Uganda hakuna aliyewahi kuzindua kitu cha namna hiyo. Barabara ya kutoka Busia hadi Malaba na kuingia Tororo inajulikana kwa malori, foleni na magunia ya mahindi. Hata hivyo nikiulizwa ni wapi Afrika Mashariki panapostahili kuendewa polepole kwa ajili ya kula na kunywa, nataja hapa, kwa sababu ya ajono, pombe ya ulezi ya Wateso. Pombe hii haiwezi kukufuata uliko. Sharti uifuate wewe.

Bia ya kiwandani inasafiri, na mvinyo unasafiri hata baharini. Ajono ikishaiva bado inaendelea kuchacha. Ukiitia chupani na kuikaza kizibo itaipasua chupa, na ukiiacha siku kadhaa itakuwa chachu isiyonyweka. Hunywewa pale pale ilipopikwa au jirani, pamoja na makapi yake, kwa maji ya moto na mrija mrefu. Wakazi wa Kampala wanaijua kwa jina la malwa, Wajopadhola wa Tororo wanaiita kongo, na Waluhya upande wa Kenya wana busaa, ambayo donge lake la unga uliochachushwa kwa kawaida ni la mahindi lakini kimea chake kinabaki cha nafaka ndogo.

Safari ianzie ziwani, Sio Port au Port Victoria, kwa Wasamia na Wanyala. Kula ngege wa kukaanga kwa ugali, tazama omena zilivyoanikwa, kisha ondoka. Samaki wa Ziwa Viktoria wamekwisha kusifiwa vya kutosha na wengine.

Busia ni miji miwili yenye jina moja. Hapa ndipo baiskeli za bodaboda zilipopata umaarufu, zikivusha watu na mizigo kati ya vizuizi viwili, na hapa ndipo mwaka 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walipofungua kituo cha pamoja cha forodha na uhamiaji. Mimi nakushauri upite sokoni kabla ya kituo hicho. Tafuta walipopanga ulezi. Utaukuta wa rangi ya kahawia, wa hudhurungi iliyoiva, na mwingine unakaribia weusi. Simama umtazame mama anayenunua kwa ajili ya kupika pombe. Hanunui kwa macho tu. Anachota kiganjani, anapuliza, anatafuna punje chache, ananusa. Anataka kujua kama ulezi huo bado una uhai, kwa sababu punje iliyokaa vibaya ghalani haitachipua, na isipochipua hakuna kimea. Tena anaogopa mchanga. Punje ya ulezi ni ndogo mno, na changarawe za kipimo chake hujificha ndani yake hata pepeto la mikono mizoefu lisizione.

Nafaka hii ni ya kwetu. Wataalamu wa mimea wanakubaliana kwamba ulezi ulianza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, Uganda na Ethiopia, maelfu ya miaka iliyopita, kabla ya kuvuka bahari hadi India. Mkulima wake ana kazi. Magugu ya jamii yake hufanana nao sana ukiwa mchanga, kwa hiyo palizi huhitaji jicho kali. Kiduha, lile gugu lenye maua ya zambarau, hunyonya mizizi na kuacha shamba limedumaa. Mavuno yenyewe hukatwa kwa kisu kidogo, suke baada ya suke.

Mpaka unaokata mashamba haya ni mgeni kuliko pombe. Hadi mwaka 1902 eneo lote hili lilikuwa Uganda. Mwaka huo Waingereza walichukua jimbo la mashariki la Uganda na kuliunganisha na himaya yao ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Wateso wakajikuta pande mbili, hawa Amukura na Amagoro upande wa Kenya, wale Tororo na kuendelea kaskazini hadi Kumi na Soroti. Serikali ziligawana watu, lakini mapishi hayakugawanyika.

Mapishi yenyewe yanataka uvumilivu wa mtu asiyechoka upesi. Kuna kazi mbili zinazokwenda sambamba. Ya kwanza ni kimea. Ulezi huloweshwa, huchujwa, hufunikwa kwa gunia au majani ya mgomba mpaka utoe vijimizizi. Kuchipua kukikatizwa mapema, nguvu ya kugeuza wanga kuwa sukari haijatosha. Kukicheleweshwa, punje imekwisha kula akiba yake na pombe itakuwa nyepesi. Kipimo hakiandikwi popote. Mpishi huingiza mkono kwenye gunia, anahisi joto, anavunja kishada kimoja cha vichipukizi vilivyoshikana, na anaamua. Baadaye kimea huanikwa juani na kusagwa.

Kazi ya pili ndiyo inayonishangaza zaidi. Unga wa ulezi usiochipua hukandwa kwa maji kidogo ukashindiliwa ndani ya shimo lililotandikwa majani ya mgomba, au siku hizi ndani ya pipa, ukafunikwa kabisa. Hukaa humo wiki moja, pengine zaidi, ukichachuka. Ukifunuliwa una harufu kali inayofika hadi njiani. Hapo donge hutolewa vipande vipande na kuwekwa juu ya bati pana, mara nyingi pipa la mafuta lililopasuliwa na kunyooshwa, na moto wa kuni chini yake. Kuanzia hapo mpishi hana ruhusa ya kukaa. Anageuza kwa sepetu, anavunja mabonge, anavuta kuni, anazirudisha. Moshi unamfuata kila anakosimama. Donge hubadilika kutoka kijivu hadi kahawia, na kuna dakika chache tu kati ya kahawia inayotakiwa na weusi unaoharibu. Ukiungua, ule uchungu hauondoki hata uongeze kimea cha gunia zima.

Kwa nini wanahangaika hivi? Sayansi inawapa haki. Uchachu wa wiki ile huzuia vijidudu vibaya. Moto huulainisha wanga ili vimeng'enya vya kimea viupate kwa urahisi, na hapo hapo huusimamisha uchachu usizidi. Ukaangaji huo ndio pia unaoleta rangi na ladha. Mtengenezaji wa bia wa Ujerumani au Uingereza hupata rangi kwa kukaanga kimea chenyewe. Mteso ameamua kinyume: kimea hukaushwa kwa jua tu ili nguvu yake isife, na moto wote humwagwa kwenye donge. Kwa maoni yangu huu ni uamuzi wa werevu mkubwa, na waliouamua hawakuwa na maabara.

Donge lililokaangwa huanikwa tena. Likikauka vizuri linaweza kuwekwa miezi kadhaa, kwa hiyo mama mwenye bidii ana akiba kwenye gunia kwa ajili ya msiba, mahari au ada ya shule itakayodaiwa ghafla. Siku ikifika, anachanganya donge, kimea na maji chunguni au kwenye pipa. Hamira ya asili inaanza kazi, povu linapanda, na ukiinamisha sikio unasikia mchemko usio na moto. Baada ya siku mbili, tatu au nne, kutegemea joto, iko tayari.

Kuandaa chungu nako ni ufundi. Mchanganyiko mzito hutiwa chunguni, maji ya moto yanamiminwa juu, na wanywaji wanangoja kidogo. Maji vuguvugu hayatoi kitu, na yaliyochemka mno hakuna atakayethubutu kuyavuta. Kila maji yakipungua huongezwa mengine. Wapo wanaosifu mvuto wa kwanza. Mimi nausifu ujazo wa pili, ukali wa mwanzo ukiwa umetulia na ladha ya kukaangwa ikiwa imetoka yote: chachu kidogo, tamu kwa mbali, na moshi unaobaki kooni.

Mrija ni sanaa nyingine. Ule wa asili ni shina refu la mmea unaotambaa, lenye uwazi ndani, linalopinda bila kuvunjika. Kwenye ncha yake hufungwa kichujio kidogo kilichosukwa kwa nyuzi nyembamba, ili makapi yabaki chini na kinywaji kipande. Waluhya wanauita oluseke. Mirija ya plastiki imeingia kwa wingi, na siwalaumu wanaoitumia, ila plastiki ndani ya maji ya moto ina ladha yake na ladha hiyo si ya ulezi.

Tena mrija wa pombe ni kitu cha kale. Mwaka 1897 huko Maykop, kaskazini mwa milima ya Kaukazi, wachimbuaji walikuta kaburini mirija minane ya dhahabu na fedha yenye urefu unaozidi mita moja. Kwa zaidi ya karne moja wasomi walidhani ni fimbo za enzi au nguzo za chandarua. Mwaka 2022 watafiti wa Urusi walieleza kwamba ncha zake zina vichujio, na kwamba ilikuwa mirija ya kunywea bia chunguni, ya miaka zaidi ya elfu tano iliyopita. Mzee yeyote wa Amukura angewaambia hayo mara moja kama wangemwonyesha picha.

Mmarekani Ivan Karp, aliyeishi na Wateso wa Kenya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha utafiti wake juu ya unywaji wao mwaka 1980, alielewa kwamba chungu ni mahali pa kuonyeshana watu walivyo. Mrija hushikwa kwa mkono wa kulia. Haupulizwi, kwani mapovu ndani ya chungu cha watu ni matusi. Mkwe na mama mkwe hawakutani kwenye chungu kimoja. Anayekutakia mabaya ana nafasi rahisi ya kukudhuru mnapokunywa pamoja, na ndiyo maana kukaribishwa mrija ni heshima isiyotolewa ovyo.

Ukivuka Malaba, Tororo si mbali, na lile jabali lake la mita 1,483 kutoka usawa wa bahari utaliona kabla ya mji. Hapa kula kwanza, kunywa baadaye. Agiza ugali wa ulezi, atapa kwa Wateso na kwon kal kwa Wajopadhola, mweusi na mzito, mara nyingi ukiwa umechanganywa na unga wa muhogo. Kitoweo kiwe majani ya kunde yaliyoungwa kwa karanga au simsim, na kama wanayo, magira, kunde zilizobanguliwa na kupondwa zikapikwa mpaka zikawa laini kabisa. Usiharakishe kuomba nyama. Mboga hizi hulainishwa kwa chumvi iliyochujwa kutoka kwenye majivu ya mimea, na ladha hiyo hukutana na uchachu wa ajono vizuri kuliko kuku yeyote.

Sheria haikuwa rafiki wa wapishi hawa. Upande wa Kenya pombe za kienyeji ziliandamwa miaka mingi, na ni sheria ya mwaka 2010 iliyofungua mlango kwa masharti. Corona ilipoingia mwaka 2020, vilabu vilifungwa na chungu cha pamoja kikaonekana hatari, kwa haki. Siku hizi wengi huja na mrija wao, au huomba chungu kidogo cha mtu mmoja au wawili. Ni busara, ingawa mazungumzo yamepungua. Kinachonikera ni kwamba viwanda vya bia husifiwa kwa kununua mtama wa wakulima wa Uganda, ilhali wanawake walionunua ulezi wa majirani zao vizazi vyote hivi hawahesabiwi kama wenye viwanda.

Ukienda, nenda alasiri, siku ya soko, na kitambulisho mfukoni. Wakenya na Waganda hawahitaji pasi kuvuka tangu mwaka 2014. Muulize mwenye bodaboda ni mama gani anayekaanga donge lake mwenyewe, kwa sababu wapo wanaonunua lililokaangwa na wengine na tofauti iko kwenye ladha. Lipa bila kubishana bei. Ukimaliza sema "eyalama noi", na gari liache lilipo. Chungu hunywewa mpaka maji yatoke meupe, hilo huchukua jioni nzima, na nyumba za wageni Tororo zipo za kila mfuko.