Kichwa Kimoja, Meno Mengi: Uhakiki wa Hoja ya Steno kuhusu Visukuku vya Papa

Mnamo mwaka 1666 papa mkubwa alivuliwa karibu na Livorno, Italia. Kichwa chake kilipelekwa Florence, ambako Niels Stensen, ajulikanaye kama Steno, alikipasua. Maelezo yake, yaliyochapishwa mwaka 1667, hutajwa mara nyingi kuwa ndiyo yaliyothibitisha kwamba mawe yenye umbo la ulimi yaliyookotwa Malta ni meno ya papa wa kale. Sifa hiyo yafaa kupimwa upya.

Kwanza, wazo lenyewe halikuwa geni, kwani Fabio Colonna alikwisha kulitoa mwaka 1616. Mchango wa Steno umo katika ujenzi wa hoja. Aliueleza mpangilio wa meno tayani, safu nyuma ya safu, yale ya ndani yakiwa bado laini. Kisha akaonyesha kwamba wingi wa meno katika kichwa kimoja waweza kueleza wingi wa mawe hayo ardhini. Hata hivyo, aliyatoa haya kama makisio, si hukumu ya mwisho. Wanaomsifu kwa kuthibitisha wanaipuuza tahadhari hiyo, ambayo ndiyo nguvu ya maandishi yake.

Pili, kichwa kimoja kinatosha kuonyesha kwamba jino ni la papa; hakitoshi kuonyesha ni papa yupi. Katika jenasi ya Hexanchus, meno ya taya la chini ni mapana kama msumeno, ilhali ya juu ni membamba. Kwa kuwa kiunzi cha papa ni gegedu ambalo huoza upesi, meno hayo hupatikana yametengana, na mtafiti aweza kuyadhania kuwa ya spishi mbili. Ipo pia hatari iliyo kinyume chake. Louis Agassiz alimweka megalodoni katika jenasi ya papa mweupe, Carcharodon, kwa kufanana kwa meno yao yenye kingo za msumeno. Leo wataalamu wengi humweka katika Otodus, na kufanana huko huchukuliwa kuwa kulizuka katika koo mbili tofauti.

Kwa hiyo, anatomia ya papa hai husaidia utambuzi pale inapohusisha mataya kamili ya vielelezo vingi, vya umri na jinsia tofauti. Utafiti unaolinganisha kisukuku na jino moja tu la kisasa unaurithi upungufu wa Steno bila kuirithi tahadhari yake.