Mistari Mitano, Maradhi Matatu

Dada jirani yangu hapa Leicester, muuguzi wa zamu za usiku, alinigongea mlango Jumamosi asubuhi akiwa na karatasi mkononi. "Kaka, hebu nisomee hii. Wameniambia gari limefaulu, lakini wameniandikia mambo matano. Sasa limefaulu au halijafaulu?"

Gari lenyewe ni Toyota Yaris ya 2008, ambalo wasomaji wa Dar es Salaam na Mombasa wanalijua zaidi kwa jina lake la Kijapani, Vitz. Lilikuwa limetoka kwenye ukaguzi wa mwaka, ule ambao Waingereza wanauita MOT. Nilimjibu kwamba limefaulu, na kwamba yale mambo matano ndiyo yatakayoamua kama litafaulu tena mwakani.

Hapa nachambua tulivyoishughulikia karatasi ile, na kwa nini hatukufuata mpangilio wake. Mkaguzi huandika dalili anazoziona. Kutafuta ugonjwa ni kazi ya mwenye gari na fundi wake, na anayetibu dalili mojamoja hulipia kitu kimoja mara mbili.

Maana ya kasoro ndogo

Ukaguzi huu ulianza mwaka 1960, na herufi zake tatu zinatokana na jina la wizara ya uchukuzi ya wakati ule. Mwanzoni uliyahusu magari yaliyofikisha miaka 10, na kilichoangaliwa ni breki, taa na usukani tu. Kufikia 1967 umri ulishushwa hadi miaka mitatu. Hadi leo, katika England, Scotland na Wales, gari hukaguliwa mara ya kwanza likitimiza miaka mitatu, kisha kila mwaka.

Tangu tarehe 20 Mei 2018 kasoro zimepangwa kwa ngazi. Ya juu kabisa ni kasoro ya hatari, na gari lenye kasoro hiyo haliruhusiwi kuendeshwa mpaka litengenezwe. Inafuata kasoro kubwa, nayo inaliangusha gari. Chini yake ni kasoro ndogo, ambayo gari linafaulu nayo lakini inatakiwa itengenezwe mapema. Mwisho kuna angalizo: kitu ambacho bado hakijawa kasoro, ila kinaelekea huko.

Wengi wakisikia neno "ndogo" wanaikunja karatasi na kuitupa kwenye dashibodi. Tazama mafuta ya breki yanavyopangwa. Yakiwa chini ya alama ya chini ya chupa yake, ni kasoro ndogo. Yakiwa chini sana ya alama hiyo, ni kubwa. Yakiwa hayaonekani kabisa, ni hatari. Ni chupa ileile na mafuta yaleyale, kilichobadilika ni muda uliopita. Kwa hiyo kasoro ndogo mara nyingi ni kasoro kubwa ambayo haijakomaa.

Karatasi ya dada ilikuwa na mistari hii:

1. Mafuta ya breki yako chini ya alama ya chini (kasoro ndogo).
2. Kava la mpira la tairodi endi ya kushoto limechakaa vibaya (kasoro ndogo).
3. Pedi za breki za mbele zimepungua (angalizo).
4. Matairi ya mbele yamelika ukingo wa nje (angalizo).
5. Paipu ya breki ya nyuma ina kutu (angalizo).

Dada alikuwa tayari ameshapanga: "Mafuta ya breki nitaongeza mwenyewe, matairi nitanunua mwisho wa mwezi, hayo mengine yatasubiri." Nikamwomba asiguse chochote kwanza. Mpango wake ungemgharimu jozi ya matairi.

Kuunganisha mistari

Nilipiga jeki upande wa kushoto, nikaweka stendi, nikalishika tairi kwa mikono miwili, mmoja mbele na mwingine nyuma, usawa wa saa tatu na saa tisa kwenye uso wa saa ya ukutani. Nilipolisukuma na kulivuta, lilicheza kidogo sana, kama jino la mtoto linaloanza kulegea. Nikalala chini nikatazama tairodi endi, yaani kiungo kinachounganisha usukani na gurudumu. Kava lake la mpira lilikuwa limepasuka pasuka, na grisi iliyokuwa imechuruzika pembeni ilikuwa nyeusi na yenye mchanga ndani yake.

Kisha nikapitisha kiganja juu ya kashata za tairi. Kutoka nje kwenda ndani mkono uliteleza. Kutoka ndani kwenda nje ulikwaruza, kama unarudisha mkono juu ya msumeno. Hiyo ni alama ya magurudumu yaliyoelekeana kwa mbele kupita kiasi, yaani yenye makengeza. Tairi lililokosa upepo wa kutosha hulika kingo zote mbili. Haya yalilika ukingo wa nje tu, basi upepo haukuwa na hatia.

Mstari wa pili na wa nne, kwa hiyo, ni ugonjwa mmoja. Kava lilipasuka, uchafu ukaingia, kiungo kikalegea, magurudumu yakapoteza mwelekeo, na lami ikala raba. Dada angenunua matairi mapya kwanza, nayo yangeanza kulika siku ileile yalipofungwa.

Mstari wa kwanza na wa tatu nao ni ndugu. Pedi zikipungua unene, pistoni ya kalipa hutoka nje zaidi ili pedi ziifikie disku, na nafasi inayobaki nyuma ya pistoni hujazwa na mafuta. Ndiyo maana kiwango kwenye chupa hushuka hata kama hakuna tone linalovuja. Ukiongeza mafuta tu, umeifuta dalili na kuuacha ugonjwa. Halafu siku fundi atakapofunga pedi mpya na kuzirudisha pistoni ndani, mafuta yatapanda na kufurika juu ya rangi ya gari, nayo huila rangi. Lakini kwa kuwa upungufu unaweza pia kutokana na uvujaji, nilikagua kila kiungo, kila hozi na nyuma ya kila gurudumu kabla ya kuzilaumu pedi. Palikuwa pakavu kote.

Ulibaki mstari wa tano, kutu. Mtu wa pwani haelezwi chumvi inavyokula chuma. Ameona bati la nyumba yake. Huku chumvi haitoki baharini. Wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi ili barafu isigande, nayo hurushwa na magurudumu hadi chini ya gari na kukaa humo miezi kadhaa. Paipu za breki ni za chuma, nyembamba, zenye kipenyo cha milimita 4.75, na zimepita mahali ambapo matope hujificha.

Mistari mitano, maradhi matatu. Baada ya hapo tu ndipo tulipozungumza fedha.

Tulivyotengeneza, na kwa nini kwa mpangilio huo

Tulianza na paipu, ingawa ilikuwa ya mwisho kwenye orodha. Sababu ni kwamba kubadilisha paipu kunaufungua mfumo mzima wa breki na kuingiza hewa. Ukibadilisha mafuta kwanza, utayamwaga tena.

Kwanza niliisugua kwa brashi ya waya ili nione chuma chenyewe. Kutu ya juujuu huondoka na kuacha uso laini. Hiyo unaweza kuisafisha, kuipaka kinga na kuendelea kuiangalia. Paipu hii iliacha vishimo, na kimoja kiliishika ncha ya ukucha. Paipu iliyopoteza theluthi ya unene wa ukuta wake haifai tena barabarani. Hatukungoja ifike huko. Kupaka grisi nzito juu ya kutu, kama wengi wafanyavyo, ni kumfunika mkaguzi macho na kujifunika mwenyewe.

Tuliweka paipu ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambayo haishikwi na kutu ya chuma na hukunjika kwa mkono bila kuvunjika. Kazi nyeti ni kuutanua mdomo wake. Mdomo ukitoka umepinda hata kidogo, kata uanze upya, kwa sababu sehemu hiyo ndogo ndiyo inayozuia mafuta yasipenye unapokanyaga breki kwa nguvu zako zote.

Zikafuata pedi. Zilikuwa zimebaki milimita tatu. Mpya huwa na kama 10, na chini ya 1.5 mkaguzi huandika hatari. Tulipima na disku pia, kwa sababu pedi mpya juu ya disku iliyokwisha ni kazi nusu. Kipimo cha chini cha unene huwa kimepigwa chapa kwenye disku yenyewe. Zilikuwa bado nzima. Pini za kalipa tulizisafisha na kuzipaka grisi ya breki, maana pini iliyokwama hula pedi ya upande mmoja.

Mafuta tuliyaweka ya mwisho, na tuliyabadilisha yote badala ya kuongeza. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi 230. Yakishanyonya maji hadi asilimia 3.7, kiwango hicho cha chini huwa 155. Mteremkoni breki zikipata moto, mafuta yaliyochemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na pedali huzama hadi sakafuni. Tulitoa upepo kuanzia gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na masta silinda kwa gari la usukani wa kulia. Dada ndiye aliyekanyaga pedali, nami nikifungua na kufunga nati, mpaka mafuta yakatoka safi bila povu.

Upande wa usukani, nililegeza loki nati, nikahesabu mizunguko ya kuitoa tairodi endi ya zamani, ilikuwa 17, nikaifunga mpya kwa mizunguko 17. Hesabu hiyo hulifikisha gari salama kwenye mashine ya alaimenti. Haichukui nafasi ya mashine. Siku ileile tulikwenda kulipima, na karatasi ya vipimo ikathibitisha makengeza. Yaliponyooshwa, ndipo tulipofunga matairi mawili mapya, na nati za magurudumu tukazikaza kwa spana ya kipimo hadi nyutoni mita 103.

Kwa msomaji wa Mombasa na Dar es Salaam

Jambo hili haliishii Leicester. Magari yenye usukani wa kulia kutoka Uingereza hununuliwa pia na watu wa Kenya na Tanzania, na kumbukumbu za MOT za England, Scotland na Wales ziko wazi kwenye tovuti ya serikali, bila malipo, kuanzia mwaka 2005. Unachohitaji ni namba ya usajili. Utaona kila mwaka gari lilifaulu au liliangushwa, mita yake ilisoma maili ngapi, na mistari yote ya kasoro.

Isome kwa mfululizo. Mita ikirudi nyuma kati ya mwaka na mwaka, uliza kwa nini. Kutu ya paipu au ya fremu ikiandikwa mwaka wa kwanza kama angalizo, wa pili tena, wa tatu kama kasoro kubwa, basi unamwona mwenye gari aliyepewa onyo na hakutenda. Mistari ikitokea mara moja kisha ikatoweka, mwenye gari alikuwa akitengeneza. Picha za muuzaji hazitakuonyesha hayo.

Na hata kama karatasi yako ni ya ukaguzi mwingine, wa polisi au wa gereji ya mtaani, njia ni hii hii. Usimkabidhi fundi orodha na kumwambia atengeneze vyote. Kaa naye, muulize kila mstari umesababishwa na nini, upi umeuzaa upi, na kipi kikitengenezwa kwanza kitaokoa kingine. Fundi anayejua kazi yake atafurahi kuulizwa.

Yaris ya dada ilirudi kwenye ukaguzi mwaka uliofuata. Breki, usukani na matairi havikuandikwa chochote. Kulikuwa na mstari mmoja tu, raba ya waipa ya nyuma, naye aliibadilisha jioni hiyohiyo.