Hadithi ya Kusimama

Kila mgeni anayefika kwangu hapa Mkolani huniletea hadithi moja. Wahusika hubadilika, mwisho haubadiliki: mtu alianguka, akapooza, akajitahidi, akasimama, akatembea. Akishamaliza, mgeni huitazama miguu yangu. Leo nataka kuihakiki hadithi hiyo kama nilivyozoea kuhakiki kazi za wanachuo wangu.

Niliporomoka kwenye ngazi nikiezeka banda la kuku, nikaumia uti wa mgongo. Jeraha langu ni lile waganga wanaloliita lisilo kamili, yaani baadhi ya neva bado zinapitisha habari kati ya ubongo na miguu.

Kasoro ya kwanza ya hadithi ni kuruka katikati. Kati ya kuanguka na kusimama kuna kugeuzwa kitandani usiku na mchana ili mwili usitoke vidonda, kujifunza upya kwenda haja kwa saa maalumu, na kujihamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti kwa nguvu za mikono. Katika wiki ya 11 kidole gumba cha mguu wa kushoto kilicheza. Mimi nilidhani ni shuka. Aliyekiona ni kijana aliyekuwa akininyoosha viungo. Nililia. Hadithi ya wageni haina nafasi ya kidole gumba.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi: inamhukumu asiyesimama. Ikiwa jitihada ndiyo iliyomwinua mmoja, basi aliyebaki kwenye kiti ni mvivu au hana imani. Huo si ukweli. Mazoezi yana faida kwa wote, lakini kiasi cha kurudi kwa miguu hutegemea kwanza ukubwa wa jeraha lenyewe. Uti uliokatika hauungwi kwa moyo mkuu.

Nakiri kwamba hadithi hiyo niliwahi kuitukuza mwenyewe. Nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, nilipitisha igizo ambalo mhusika aliyepooza anasimama mwishoni, na ukumbi mzima unapiga makofi. Karibu na mlango alikuwepo mwanachuo mmoja kwenye baiskeli ya walemavu. Baadaye alinifuata. “Samahani, Mwalimu. Na yule asiyesimama, igizo lake linaishia wapi?” Nilimjibu kuwa sanaa inahitaji matumaini. Lilikuwa jibu la mtu mwenye miguu.

Ipo hadithi bora kidogo. Mwaka 2012 huko Kenya, Zachary Kimotho, daktari wa mifugo aliyepooza baada ya kupigwa risasi na majambazi mwaka 2004, alianza safari kwa kiti cha magurudumu kutoka Nairobi kuelekea Afrika Kusini, ili zichangwe fedha za kujenga kituo cha kuwarekebisha walioumia uti wa mgongo. Uzuri wake ni kwamba swali lilihama kutoka miguuni mwa mtu mmoja likaenda kwa jamii: kituo kiko wapi? Hata hivyo ina walakini. Mpango ulikuwa kwamba michango ndiyo imrudishe nyumbani, hivyo uchovu wa mgonjwa ukageuzwa saa ya kupimia huruma yetu. Kwa nini mpaka ateseke barabarani ndipo tufungue mikoba?

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Sisi huitumia methali hiyo kumtishia mzima. Mimi sasa naisoma vingine: maadamu ningali hai, kuumbwa kwangu hakujakwisha, hata kama sitatembea.

Kwa fremu napiga hatua sita, kisha narudi kitini. Mwezi uliopita fundi alipanua mlango wa choo, na kwa mara ya kwanza tangu nianguke niliingia peke yangu nikafunga. Hakuna aliyepiga makofi. Mwanachuo wangu, popote ulipo, igizo lako lingeweza kuishia hapo.