Mkono Unaojua Kurudi Nyuma

Kuvaa kaptula ni kazi ndefu. Kuna kuitambua mbele na nyuma, kuketi, kuingiza mguu mmoja, kutafuta tundu la pili bila kuupeleka mguu palepale ulipopita wa kwanza, kusimama, kuvuta hadi magotini, kuvuka mapaja, kuipandisha kiunoni. Aliyejifunza haya bila kufundishwa hayaoni tena. Lakini mtoto ambaye misuli yake ni legevu, viungo vyake vinanyumbuka kupita kiasi na vidole vyake ni vifupi, kila hatua kwake ni kazi kamili, na yoyote kati ya hizo yaweza kumkwamisha asubuhi nzima.

Mama mmoja wa Tanga ninayemfahamu, anayemfundisha nyumbani mwanawe wa miaka sita mwenye Down sindromu, aliianza kaptula kutoka mwisho. Alimvalisha mpaka ikabaki chini kidogo ya kiuno, akaiachia hapo. "Haya baba, malizia." Mtoto akavuta, kaptula ikakaa, akapigiwa makofi. Hatua hiyo ilipozoeleka, mama akaanza kuiachia mapajani, kisha magotini, kisha kwenye nyayo. Kila siku mtoto ndiye aliyemaliza. Hakupata siku ya kuachwa katikati akitazama kazi yake ikimaliziwa na mtu mwingine, na mimi naamini hilo lilimpa hamu ya kuijaribu kesho yake kuliko sifa zozote ambazo angemwagiwa.

Walimu wa elimu maalumu wanaijua mbinu hii vizuri. Kinachonivutia kwa mama huyu ni jinsi alivyoikusanya mbinu hiyo na nyingine nyingi, akazipima juu ya mtoto mmoja tu, huku chungu kikiwa jikoni. Kadiri ninavyomtazama ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ufundi wake mkuu ni wa kuacha: kujua ni kipi aache kumfanyia, na lini.

Tazama mkono wake anapomfundisha kunawa. Mwanzoni kiganja chake kimekifunika kiganja cha mtoto, wanasugua pamoja mpaka povu linatoka. Baada ya wiki kadhaa mkono huo umepanda, umeshika kifundo. Kisha unagusa kiwiko, kwa vidole viwili tu. Kisha bega. Kisha haugusi popote, uko hewani, tayari. Mwisho umelala mapajani pake mwenyewe, akiwa ameketi juu ya kigoda anatazama. Maneno nayo hupungua kwa namna hiyohiyo. "Fungua bomba" hugeuka kidole kinachoelekezwa kwenye bomba, na kidole hugeuka jicho linaloangalia upande ule tu.

Fundi cherehani hupiga bandi kabla ya kushona, na anapozipitisha nyuzi zile anajua zote zitafumuliwa nguo ikishashika. Mama huyu naye hatoi msaada wowote ambao hajafikiria utaondokaje. Akichelewa kuuondoa, mtoto huuhesabu mguso ule kuwa sehemu ya kunawa. Atasimama mbele ya maji akisubiri kuguswa kiwiko. Akiwahi, mtoto hukosea, na hili ni zito zaidi, maana kosa likirudiwa mara chache huota mizizi, na kuling'oa huchukua muda mrefu kuliko kufundisha jambo jipya. Kwa hiyo yeye hulizuia kosa kabla halijatokea. Mkono wa mtoto ukianza tu kuelekea kusiko, wake tayari umeshafika. Anayetazama kwa mbali haoni kitu, ila mtoto aliyenawa vizuri.

Ujuzi huu unahitaji mtu aujue mwili wa mtoto wake. Tangu mwaka 1959, daktari Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake walipotangaza kwamba watu wenye Down sindromu wana kromosomu 47 badala ya 46, mengi yamefahamika kuhusu namna wanavyojifunza. Wengi wao husikia kwa shida, mara nyingi kwa sababu ya majimaji yanayokusanyika nyuma ya ngoma ya sikio. Kwa hiyo mtoto anayeonekana mkaidi huenda hakusikia. Kumbukumbu yao ya kilichosemwa sasa hivi ni fupi, lakini ya walichokiona ni imara zaidi. Mama anapomwambia mwanawe jambo, humgeukia uso kwa uso, hutumia maneno machache, na mikono yake husema pamoja na kinywa: vidole mdomoni kwa kula, kiganja shavuni kwa kulala. Jirani mmoja alimwonya kwamba ishara zitamfanya mtoto awe mvivu wa kusema. Hazikumfanya hivyo. Ishara zilimpa njia ya kuomba maji kabla ulimi haujaliweza neno, na neno lilipokuja ishara ikajiondokea yenyewe.

Kwa macho hayohayo anamfundisha kusoma, na hapa ndipo kazi yake inaponishangaza zaidi. Mababu wa njia hii si wa mbali. Uingereza iliwahesabu watoto wa namna hii kuwa wasiofundishika, ikawaweka nje ya mfumo wa shule, mpaka sheria ya mwaka 1970 ilipowaingiza. Ni katika zama hizo baba mmoja, Leslie Duffen, alianza kumfundisha binti yake Sarah kwa kadi za maneno akiwa bado mdogo sana. Sarah akasoma, na kusoma kukamsaidia kuzungumza. Baba yake alimwandikia mwanasaikolojia Sue Buckley wa Portsmouth kumweleza alichokiona, na barua ile ikafungua utafiti wa miaka mingi juu ya watoto wenye Down sindromu na kusoma. Wataalamu walipewa swali na mzazi aliyekuwa ameshalijibu sebuleni kwake.

Mama wa Tanga amekata kadi kutoka kwenye maboksi ya viatu, akaandika kwa kalamu nene, herufi ndogo, neno moja kila kadi. Alianza na majina ya watu wa nyumbani na vitu ambavyo mtoto anavipenda: mama, kaka, ndizi, mpira. Kwanza hamuulizi mtoto neno hili ni nini. Humpa kadi mbili zenye neno lilelile amwekee sawa na sawa, na hilo mtoto huliweza hata kabla hajajua kusoma. Akishazoea, humtandazia kadi tatu: "Nipe ndizi." Mtoto huchagua. Mwisho kabisa ndipo huinyanyua kadi moja na kunyamaza, ili mtoto ataje mwenyewe. Kulinganisha, kuchagua, kutaja. Watu wengi tungeanza na kutaja, ambako ndiko kugumu, halafu tukahukumu kwamba mtoto hawezi.

Shuleni tulizoea kuanza na irabu, kisha ma, me, mi, mo, mu. Njia hiyo ni nzuri, na kwa Kiswahili ni nzuri mno, kwani silabi zetu hutamkwa kama zilivyoandikwa. Lakini inamtaka mtoto ashike sauti mbili kichwani, aziunganishe, azikumbuke, na hapo ndipo mtoto huyu alipo dhaifu. Akianza na neno zima, hulishika kwa sura yake pamoja na maana. Silabi anaziona baadaye, zikiwa ndani ya maneno aliyokwisha kuyafanya yake. Mama aliziweka kadi za mama na mapapai pamoja, akafunika sehemu ya nyuma ya kila neno kwa kidole, akafunua, akafunika, akafunua. Mtoto akaliona ma. Sijui niseme nini juu ya subira iliyotangulia tukio hilo, ila kwamba kadi za awali zilikwisha chakaa zikaandikwa upya.

Lugha yetu ina ugumu wake pia. Kitenzi chetu hubadilika mbele na nyuma: nakula, amekula, tutakula, hawali. Mtoto anayesoma kwa sura ya neno hukutana na sura mpya kila mara. Mama ameliona hilo, naye huandika vitenzi katika umbo moja tu, anakula, analala, anacheza, chini ya picha za mtoto mwenyewe alizozibandika kwenye daftari, ambalo sasa ndilo kitabu chake cha kwanza. Maumbo mengine yatafuata, si sasa. Katika hesabu lugha inamlipa fadhila: kumi na moja, kumi na mbili, jina lenyewe linamwonyesha mtoto kumi ilipo na ziada ilipo. Anampangia maharage kumi kwenye kisahani kimoja na mawili pembeni.

Vifaa vyake vyote viko jikoni na uani. Kuchambua mchele kwenye sinia, kutafuta punje za mpunga na vijiwe, ni zoezi la kidole gumba na cha shahada ambalo sijaona kifaa cha dukani kinachoupita ubora wake; linafundisha macho, linafundisha kutulia, na likiisha familia inakula. Vibanio vya nguo vinaimarisha vidole vitakavyoshika kalamu. Unga unakandwa. Herufi inaandikwa kwa kidole kwenye mchanga uliotandazwa kwenye ungo. Nikiuona ungo ule humkumbuka Maria Montessori, ambaye kabla ya kufungua nyumba yake ya watoto mjini Rome mwaka 1907 alikuwa amefanya kazi na watoto waliodhaniwa hawafundishiki, akijifunza kutoka kwa maandishi ya Wafaransa Itard na Séguin. Wazo la herufi za msasa ambazo leo watoto wa shule ghali huzipapasa kwa vidole lilitoka katika kuwafundisha watoto kama huyu wa Tanga.

Mtoto naye si mtu wa kukaa tu apokee. Kazi ikiwa ngumu, ana tabasamu lake. Atakutazama, atacheka, atakushika shavu, atakuonyesha paka, na usipojihadhari utakuta unacheza naye na kadi zimesahaulika. Wanasaikolojia wameliona hili kwa watoto wengi wenye Down sindromu: uhodari wao wa kuwavuta watu huwasaidia kukwepa. Mama hulipokea tabasamu, hulirudisha, kisha hukaa kimya huku kadi ikiwa palepale. Kimya chake ni kirefu. Wageni hawakivumilii, humtajia mtoto jibu. Lakini mtoto huyu anahitaji sekunde nyingi kuliko wenzake kulisikia swali, kulitafuta jibu, na kuuandaa ulimi. Anayemkatiza katika sekunde ya nane amemnyang'anya jibu lililokuwa njiani.

Aliye mgumu kufundishwa kuacha ni bibi. Kwetu kumhudumia mtoto ni kumpenda, na mjukuu aliyezaliwa na udhaifu huhudumiwa maradufu. Bibi alimvalisha, alimlisha, alimfunga viatu, na alifanya haya yote kwa moyo safi. Mkwewe hakumkatalia hata siku moja. Alimpa kazi nyingine: "Mama, wewe mngojee barazani. Akija amevaa mwenyewe, wewe ndiye wa kumwona kwanza." Bibi akawa ndiye mwisho wa safari ya kaptula. Naiona busara kubwa hapa, maana nyumba ambayo mmoja anaondoa mkono na mwingine anaurudisha humchanganya mtoto.

Jioni kuna daftari. Kila kazi ina mstari wake, na mbele yake alama: mwenyewe, kwa ishara, kwa neno, kwa kushikwa. Hakuna maksi. Mradi ulioanza mwaka 1969 katika mji wa Portage, jimbo la Wisconsin, Marekani, ulijengwa juu ya daftari la namna hii. Watoto wenye ulemavu walikuwa wametawanyika vijijini, kituo kimoja kisingewafaa, basi mwalimu akawa anakwenda nyumbani mara moja kwa juma, anachagua na mzazi jambo dogo ambalo mtoto anaweza kulifikia kabla ya ziara nyingine, anamwonyesha, na siku zilizobaki mzazi ndiye mwalimu. Mtoto asipolifikia, hatua ilikuwa ndefu mno, inakatwa tena. Hilo ndilo ninalolipenda zaidi katika daftari la Tanga: mistari iliyofutwa na kugawanywa miwili, kisha minne.

Hafanyi haya kwa kuichukia shule. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inampa mwanawe haki ya kusoma pamoja na wenzake, na anaidai. Lakini shule yenye kitengo cha elimu maalumu iko mbali, na mtoto anayechoka haraka hawezi kupanda daladala mbili asubuhi kisha akabaki na nguvu ya kujifunza. Mama anamwandaa kwa siku watakayohamia karibu: kukaa, kusubiri zamu, kusema anataka kwenda chooni. Anastahili mwalimu wa kumsaidia, na wengi walio kama yeye hawana.

Kazi ya sasa kwenye daftari ni kwenda dukani kununua chumvi. Imegawanywa: kushika noti, kutoka getini, kufuata ukuta, kusimama mbele ya kaunta, kusema "shikamoo", kusema "chumvi", kupokea, kurudi. Mwenye duka ameombwa asimpe mpaka aseme, hata kama foleni ni ndefu, naye amekubali. Mwanzoni mama alikuwa anatembea naye wakishikana mikono, kisha nyuma yake, na wiki hii anasimama getini. Mtoto husema "chumvi" kwa sauti inayosikika mpaka barazani kwa bibi. Chenji bado. Mama anasema hiyo ni ya mwakani, baada ya kuzijua noti.