Gumba la Mwenda lilirithiwa na nani?

Mpiga gitaa anaposemwa kuwa mwanafunzi wa gwiji fulani, ushahidi unaoletwa kwanza huwa ni nyimbo: anapiga vibao vya mzee, anaimba kwa pua kama mzee, hata kofia kaiweka upande uleule. Ushahidi huo ni mwepesi. Wimbo hubebwa na yeyote mwenye sikio. Mtoto anaweza kuupiga mluzi toka sokoni hadi nyumbani bila kujua gitaa lina nyuzi ngapi. Kinachorithiwa kwa taabu ni mkono, yaani namna vidole vilivyogawana kazi, kipi kinatangulia, kipi kinasubiri, kipi kinajibu. Hoja yangu ni kwamba warithi wa Mwenda Jean Bosco, Mwenda wa Bayeke, baba wa gitaa kavu la Kiswahili, yaani lisilo la umeme, wapimwe kwa gumba la mkono wa kulia. Wakipimwa hivyo, orodha tuliyoizoea inapinduka: aliyekuwa karibu naye kwa damu anashuka, na aliyekuwa mbali kabisa, huko Kisa magharibi ya Kenya, anapanda.

Tuanze na mkono wenyewe. Mwenda alizaliwa mwaka 1930 katika nchi ya Bayeke, Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo yake ya kurekodia, alimkuta Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, akamrekodi. Kipande kiitwacho Masanga ndicho kilicholitoa jina lake nje ya Kongo. Anapiga kwa vidole viwili tu, gumba na kidole cha shahada. Hilo peke yake si ajabu, kwa maana vidole viwili vilitumika kote Afrika ya kati na mashariki, na Marekani pia. Ajabu iko kwenye mgawo wa kazi. Wamarekani wa mtindo uliopata sifa kwa Merle Travis waliliachia gumba kazi ya mlinzi: lirukeruke kati ya nyuzi mbili za besi kwa mapigo sawasawa, mwanzo wa kibao hadi mwisho, huku kidole cha shahada kikicheza juu yake kwa usalama. Gumba la Mwenda halikai lindoni. Linagonga besi, kisha linapanda nyuzi za kati kukijibu kidole cha juu, halafu linanyamaza pale sikio lilipolitegemea. Kidole cha shahada nacho huanza msemo wake nusu hatua kabla ya pigo, kwa hiyo msikilizaji anayegonga mguu hujikuta mara kwa mara akidhani wapigaji ni wawili. Na mizunguko hairudiwi ilivyo. David Rycroft, aliyeziandika rekodi hizo kwa nota na kuzichambua katika jarida la African Music mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliuita upigaji huo ubunifu wa papo kwa papo, na hakukosea: kodi za gitaa zinabaki zilezile chache, lakini kinachopita ndani yake hubadilika kila mara.

Sasa, kwa nini mambo ya Likasi yapimwe toka Rumonge, ninakoandikia? Kwa sababu ufuo huu wa ziwa upande wa Burundi, toka Rumonge kushuka Nyanza-Lac, haukuwahi kuwa ugenini kwa Katanga. Bayeke wenyewe ni watu waliotoka upande wa Unyamwezi pamoja na Msiri katika karne ya 19, wakavuka kwenda magharibi. Ukipenda, unaweza kusema gitaa la Mwenda lilirudi kulikotoka mababu zake. Wabelgiji walipoitawala Ruanda-Urundi pamoja na Kongo, kampuni ya Union Minière ilikuja kuchukua vijana wa Burundi na Rwanda kwenda migodini Katanga, hasa miaka ya 1920. Reli ilifika Albertville, Kalemie ya leo, na toka hapo ni maji tu. Kiswahili alichoimba Mwenda ni cha Katanga, chenye ladha yake, lakini mtu wa Rumonge, mji uliokulia katika biashara ya ziwa, mawese na samaki, hakuhitaji mkalimani. Kuna sababu ya pili pia, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Sikio la ufuo huu lilikuwa limekwisha kufundishwa na ikembe. Chombo hiki cha vijiti vya chuma juu ya kisanduku cha mbao hupigwa kwa magumba mawili yanayopishana, na kila gumba lina habari yake. Katika santuri ya muziki wa asili wa Burundi iliyotolewa na Ocora, kutokana na rekodi za Michel Vuylsteke za mwaka 1967, ikembe imewekwa pamoja na inanga, umuduri na indingidi. Ukiisikiliza ikembe kisha ukasikiliza Masanga, udugu wao hauhitaji kuelezwa.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza linapozaliwa, tena lina nguvu. Kama ikembe na ndugu zake wa Kongo walikuwapo kabla ya gitaa, basi huyu Mwenda kamrithisha nani nini? Huenda wapiga gitaa wote wa ukanda huu walichota kisima kimoja, na yeye akapewa sifa kwa kuwa Tracey alimkuta wa kwanza. Ninakubali nusu ya pingamizi hili. Mwenda hakuumba vidole viwili, wala kupishanisha sauti mbili. Lakini katika ikembe magumba mawili yana hadhi moja. Hakuna besi ya kodi inayobadilika chini yake, hakuna safari ya kutoka kodi moja kwenda nyingine na kurudi nyumbani. Mwenda alichukua mazungumzo ya magumba mawili akayaingiza ndani ya kodi tatu nne za kizungu, na ili yakae humo ilimlazimu ayape majukumu yasiyolingana: gumba libebe msingi bila kuacha kuongea, kidole cha shahada kiimbe bila kusahau mapigo. Mgawo huo haumo katika ikembe, wala haumo katika vitabu vya gitaa. Anayeufuata kautoa kwake au kwa mtu aliyeutoa kwake.

Tukiwaita warithi mmoja mmoja, wa kwanza ni Edouard Masengo, binamu wa Mwenda, aliyetokea Elisabethville na kikundi cha JECOKE. Kila anayeandika habari za Katanga humtaja wa pili baada ya Mwenda, na kwa utunzi na sauti anastahili. Wote wawili walifika hadi Nairobi, Mwenda akitangaza dawa ya Aspro, Masengo Coca-Cola, na hapo ndipo mtindo wao uliposambaa Afrika Mashariki. Lakini sikiliza gumba la Masengo. Ni laini, linafuata mapigo, linatandika mkeka ili mwimbaji akae. Masengo alikuwa mwimbaji anayejipigia gitaa. Mwenda alikuwa mpiga gitaa ambaye pia anaimba. Losta Abelo, mpigaji mwingine wa Katanga, ana mkono ulio karibu zaidi na wa Mwenda, safi na mwepesi, ila hausogezi mpaka. Huko Malawi, Daniel Kachamba aliutumia mkono wa vidole viwili kwa ustadi mkubwa, lakini moyo wake ulikuwa kwenye kwela, muziki wa kusini, na huko ndiko alikoupeleka.

Mtu ninayemweka juu ni George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963. Yeye si wa Katanga, si wa ziwani, na mtindo wake, omutibo, una mizizi katika ngoma na nyuzi za Waluhya. Nafsi ya Mwenda haimo katika nyimbo zake. Angalia kazi ya vidole, hata hivyo. Besi yake inatembea kwa mwendo wake, haigongi tu mzizi wa kodi na kusubiri. Kidole cha shahada kinapita juu yake kwa mafungu yanayoanza kabla ya wakati wake. Kisha akafanya jambo ambalo Mwenda hakulifanya: kazi ya kutunza mapigo aliitoa kabisa mkononi akaipa chupa ya soda inayokwaruzwa pembeni. Chupa ikishika saa, gumba linapata uhuru wote, na gitaa zima linakuwa sauti mbili zinazobishana. Huyo kauchukua mgawo wa Mwenda akaufikisha mwisho wake. Mtu anaweza kusema kwamba Mukabi angefika hapo bila kumsikia Mwenda, kwa kuwa Waluhya wana vyombo vyao. Inawezekana kwa sauti mbili; kwa sauti mbili ndani ya kodi zilezile, kwenye gitaa kavu, Kenya ile iliyokuwa inasikiliza santuri za Katanga, sioni uwezekano huo ukisimama.

Mvutano huu wa sauti na mkono si wetu peke yetu. Jimi Hendrix, aliyefariki mwaka 1970, alilizungusha gumba la mkono unaobana nyuzi juu ya shingo ya gitaa ili likanyage besi, na vidole vilivyobaki vikawa huru kupamba kodi. Robin Trower akachukua mngurumo wake na mawimbi ya vifaa vya umeme. Stevie Ray Vaughan akachukua gumba. Wote huitwa warithi, lakini ni Vaughan anayekufanya uelewe jinsi Hendrix alivyofikiri kwa vidole. Kuhusu kunakili, Mwingereza John Low alikwenda Katanga kuwatafuta wapigaji wazee wa huko, akajifunza kwao, akaandika kitabu Shaba Diary kilichotoka mwaka 1982. Kazi yake ni ya thamani, maana bila watu kama yeye tusingejua kidole kipi kiligusa uzi upi. Ila kuhifadhi ni jambo moja na kurithi ni jingine.

Pingamizi la mwisho ni la wapenzi wa rumba, na ufuoni hapa ni wengi: gitaa kavu lilikwisha, Franco na Docteur Nico ndio walioshika masikio ya watu, kwa hiyo mjadala wa Mwenda ni wa makumbusho. Sikubali. Bendi ya Kikongo iligawa kwa watu wanne kile kilichokuwa katika mkono mmoja: besi kwa huyu, ridhimu kwa yule, mi-solo na solo kwa wengine. Nico akipiga solo huku kaka yake Dechaud akijibu chini yake, mazungumzo yaliyo kati yao ni yaleyale ya gumba na shahada, na Franco mwenyewe alidonoa nyuzi kwa vidole hivyo viwili. Sisemi kwamba Kinshasa ilijifunza kwa Likasi. Kinshasa ilikuwa na walimu wake, na muziki wake wa Kuba. Nasema tu kwamba umeme haukuondoa swali la nani anabeba msingi na nani anaongea. Uliligawa, na kwa kuligawa ukampunguzia mpigaji mmoja mzigo na pia akili ya kuubeba.

Mwenda alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1990, na kwenye santuri zake mikono haionekani. Wapigaji wa ikembe na wa gitaa kavu waliobaki kati ya Rumonge na Nyanza-Lac bado wanaweza kuonekana. Mwenye simu na awarekodi, na kamera aielekeze kwenye vidole vyao, si usoni.